Mali ya Marehemu na Mikono ya Walio Hai

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana, Lamu mjini, baada ya sala ya alasiri. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa pale tuliposimama kwa kahawa.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wangu, wazee wangu, mama zetu mliokaa upande ule, na nyinyi vijana ambao nimeambiwa wengine mmefuata kahawa tu: karibuni nyote.

Nimeombwa niseme juu ya urithi na kazi. Aliyenialika aliliweka swali lake wazi: mbona watoto wa wenye mali hawafanyi kazi? Nilikubali kulijibu, lakini nilimwambia mapema kwamba sitalijibu kama anavyotaka. Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu, hapa na Malindi, ni faili za mirathi. Nimewaona watoto wa matajiri wanaofunga duka saa sita za usiku, na nimewaona watoto wa wasio na kitu wanaoshinda barazani na majani ya muguka shavuni. Kwa hiyo mali peke yake haielezi. Iko namna ya kurithi inayomlegeza mtu, na iko namna inayompa nguvu, na tofauti yake si ukubwa wa fungu.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo, kwa mtu ambaye maneno yake hutajwa kila jambo hili linapozungumzwa. Andrew Carnegie alizaliwa mwaka 1835 Dunfermline, Scotland, mtoto wa mfumaji nguo. Mitambo ya mvuke ikaua kazi ya babake, na mwaka 1848 wakahamia Marekani, kijana akaanza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki. Alikuja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia kwa biashara ya chuma cha pua. Na mtu huyu, mwaka 1891, aliandika kwamba mzazi anayemwachia mwanawe utajiri mkubwa kwa kawaida huviua vipaji na nguvu za mwana huyo. Wala hakuishia kusema. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa ameshatoa zaidi ya dola milioni 350, na maktaba zaidi ya 2,500 zilijengwa kwa fedha zake.

Maneno ya tajiri husikilizwa, lakini kusikilizwa si kuthibitishwa. Ilipita karne nzima ndipo wachumi watatu wa Marekani, Douglas Holtz-Eakin, David Joulfaian na Harvey Rosen, wakayapima kwa rekodi za kodi. Matokeo yao ya mwaka 1993 yalionyesha kwamba mtu asiye katika ndoa aliyerithi zaidi ya dola 150,000 alielekea kuacha kazi karibu mara nne zaidi ya yule aliyerithi chini ya dola 25,000. Mtu akisoma mpaka hapo atasema: haya, Carnegie kashinda. Lakini hata katika hao waliorithi nyingi, walioacha kazi hawakufika mmoja kati ya watano. Wengine wote waliendelea kuamka asubuhi na kwenda kazini, na fedha iko benki.

Mwaka uliofuata watatu hao hao waliwaangalia watu waliokuwa na biashara zao wenyewe. Hapo picha iligeuka. Mfanyabiashara mdogo aliyerithi alielekea zaidi kubaki katika biashara yake kuliko asiyerithi, na aliyerithi kiasi cha dola 150,000 akabaki, mauzo yake yalipanda kwa karibu asilimia 20. Mwajiriwa alipata sababu ya kupumzika. Mwenye duka alipata mtaji aliokuwa akiutafuta siku zote bila kuupata, akazidi kujituma.

Kuna kipimo kingine, nacho mashekhe watanisamehe, kwa sababu kinatokana na bahati nasibu, na kamari ni haramu. Lakini aliyeshinda bahati nasibu ni mtu aliyepata mali bila kuichuma, kama mrithi, na hakuna awezaye kusema kashinda kwa kuwa alilelewa vizuri. Guido Imbens, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alichunguza na wenzake washindi wa jimbo la Massachusetts waliokuwa wakilipwa zawadi yao kidogo kidogo kila mwaka. Kwa kila dola 100 mtu alizopokea, kipato chake cha kazi kilipungua kwa dola 11 hivi. Kinapungua, ndiyo. Lakini sisi tunavyozungumza barazani ungedhani watu wale wote walitupa jembe wakalala.

Sasa nirudi kwetu. Carnegie alikuwa na chaguo ambalo wengi wetu humu hatuna. Yeye angeweza kuandika wasia mali yote iende kwenye maktaba na mtoto asipate hata senti. Sisi tunaijua habari ya Sa'd bin Abi Waqqas, radhi za Mungu ziwe juu yake. Alikuwa mgonjwa Makka, ana mali, na mrithi wake wakati ule ni binti mmoja. Akamuuliza Mtume (s.a.w.): nitoe theluthi mbili sadaka? Akaambiwa hapana. Nusu je? Hapana. Theluthi? Akajibiwa kwamba theluthi, na theluthi ni nyingi. Kuwaacha warithi wako wakijiweza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwanyooshea watu mikono.

Kwa hiyo Carnegie angekuwa mtu wa mtaa wetu wa Mkomani, wasia wake ungeishia theluthi na iliyobaki ingekwenda kwa warithi, apende asipende. Swali la kama tuwarithishe watoto au tusiwarithishe limekwisha kujibiwa kwetu zamani. Lililobaki ni lini, na kwa namna gani. Na hapo, ndugu zangu, ndipo tunapoharibu.

Mnipe dakika chache za hesabu. Chukueni mzee mwenye nyumba ya mawe Mkomani. Amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke, wavulana wawili na wasichana watatu. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Inayobaki, mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Hesabu hii huwafurahisha walimu wa madrasa kwa sababu inatoka sawasawa: mafungu manane, mama moja, kila mvulana mawili, kila msichana moja.

Kwenye ubao inapendeza. Kwenye nyumba ni jambo jingine. Utampa mama daka la mlangoni, binti mmoja chumba cha ndani, mwingine ukumbi wa msana, na kaka achukue kiwanda, yaani ua, na kisima? Basi familia inasema: tuiache kwanza, mama yupo, tusimtie simanzi. Maneno ya huruma hayo, na katika faili zangu balaa nyingi zimeanzia hapo. Miaka inapita. Mmoja wa wale wavulana anafariki, naye anaacha mama yule yule, mke, na watoto wawili wa kiume. Robo yake inagawanywa: mama sudusi, yaani moja ya sita, mke thumuni, baki kwa watoto. Mwenye kalamu apige. Nyumba ile sasa ni mafungu 192, na kila mjukuu ana mafungu 17. Hapo ni vifo viwili tu, na bado hatujamfikia mama mwenyewe.

Nyumba ya matumbawe na chokaa haina subira ya binadamu. Plasta ikipasuka juu, maji yakaingia, boriti za mikoko zinaanza kuoza kimya kimya, na siku dari ikishuka haishuki kidogo. Nani atatengeneza? Mjukuu mwenye 17 katika 192, akitoa laki tatu zake akakarabati, mafungu 175 ya faida ni ya wengine, akiwemo shangazi wa Mombasa na binamu wa Jeddah ambaye hapokei simu. Kijana yule si mvivu. Anajua hesabu. Mngempa nyumba ndogo mara kumi, lakini yake peke yake, mngemwona juu ya ngazi na ndoo ya chokaa.

(Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Dunia nzima imeshaurithi, sisi wenyewe bado hatujagawana.)

Hapo ndipo ninapotaka mniangalie vizuri, kwa sababu ndilo nililokuja kulisema. Nimeona mara chache sana mtu aliyepokea fungu lake mkononi likamharibu. Niliowaona wameharibika wengi ni wale wanaongoja. Kijana ana miaka 24, anaambiwa kazi ya kubeba mawe pale jetini, anasema: mimi? Sisi tuna nyumba. Na kweli wanayo. Iko siku, anasema, Mzungu atakuja, itauzwa kwa yuro. Ameshasikia ya Shela, amesikia ya Malindi na Waitaliano. Kwa hiyo hajifunzi ufundi, maana ufundi ni wa muda mrefu na yeye yuko hapa kwa muda mfupi tu, mpaka nyumba iuzwe. Anafika 40 yuko pale pale. Na nyumba ikiuzwa kweli, yuro zile zinapita kwenye 192, na kinachomfikia hakinunui hata mashua.

Wachumi wana jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 2010 Jeffrey Brown, Courtney Coile na Scott Weisbenner walichapisha uchunguzi juu ya Wamarekani walio karibu na umri wa kustaafu. Waliopata urithi walielekea zaidi kustaafu mapema, na zaidi wale ambao urithi uliwajia bila kutarajia. Mtu anaweza kuniambia: umeona, anayetarajia hakubadilika. Mimi naisoma hivi: anayetarajia alishabadilika zamani. Aliziweka hesabu zake tangu mwenye mali yuko hai, kwa hiyo siku fungu linapofika huoni tofauti. Kwa Mmarekani wa miaka 60 mwenye akiba hilo halina neno. Kwa kijana wa 24 wa hapa, asiye na fani wala akiba, kuweka hesabu juu ya kifo cha babake ni kuitupa miaka yake.

Na tabia ya kungoja haichagui mlango. Hii ya pili si mirathi, lakini mnaijua wote. Bandari yetu ilizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walioathirika walipwe shilingi bilioni 1.76. Ilikuwa haki yao, na sitaki mtu atoke hapa akisema nilisema vingine. Kisha kukawa na rufaa, na mazungumzo, na orodha za majina, na mjadala wa kiasi gani kiwe taslimu na kiasi gani kiwe vyombo na zana. Miaka. Muulizeni mvuvi yeyote wa huku nini kilimtokea kijana wake miaka ile: kununua nyavu mpya ni kujipunja, maana zinakuja za fidia, kuacha uvuvi ukajifunza kingine ni kuhofia jina litakatwa kwenye orodha. Serikali ingejua madhara ya kuchelewa ingelipa nusu mapema kuliko yote baadaye. Lakini sikuja kuihutubia serikali, haimo humu.

Sasa naingia pazito, na naomba mnistahimilie, hasa wazee.

Tunapolaumu urithi wa mali, tunasahau urithi mwingine uliokuja nao. Mashamba ya bara, ya vijiji vya Hindi na Mkunumbi, na kule Malindi ambako katika karne ya 19 nafaka na ufuta vilitoka kwa majahazi kwenda Unguja na Arabuni, hayakulimwa na wenyewe. Yalilimwa na watumwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa mwaka 1873, na mwaka 1907 sheria ya Waingereza ikaondoa hali ya utumwa yenyewe katika pwani hii. Mabwana walipewa fidia. Watumwa hawakupewa kitu. Na mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya kuandikisha hati za ardhi, ambayo ilimfaa aliyekuwa na uwezo wa kudai kwa karatasi. Wengi waliokuwa wakiilima ardhi kwa mikono yao hawakuwa na karatasi hiyo, na wajukuu wao mpaka leo wanaitwa maskwota.

Basi tazameni walichorithi watoto wa pande zote mbili. Huyu alirithi shamba na hakurithi jembe. Yule alirithi jembe na hakupewa shamba. Mashamba yakarudi pori, na nyumba nyingi za mawe zikaanza kuuzwa au kuanguka. Lakini dhana ile haikuanguka. Dhana kwamba iko kazi ya watu fulani, na sisi si watu hao. Nimeikuta ikiishi vizuri katika nyumba ambazo mali ilishakwisha miaka 70 iliyopita, hazina shamba, hazina dhahabu, hazina hata sahani moja ya Kichina kwenye zidaka, ila kijana wa nyumba bado haonekani na kapu la samaki kichwani, atasemwa. Huo nao ni urithi, na wala haukuhitaji kadhi kuugawa. Nabii Daud alikuwa mfalme, na tumefundishwa kwamba alikula kwa kazi ya mkono wake. Tunalisoma hilo msikitini, tukitoka nje tunamuuliza mchumba wa binti yetu: anafanya kazi ofisi gani?

Wamo humu wajukuu wa pande zote mbili. Sikusema haya ili mtu amwonee mtu. Nimesema kwa sababu mwenzangu aliyeuliza mbona watoto wa wenye mali hawafanyi kazi hakulitaja hili, na bila hili hesabu haitimii.

Wazee wetu, pamoja na hayo, walikuwa na busara moja ambayo tumeiacha. Mzee mwenye uwezo alipomwoza binti yake, alimpa nyumba. Pengine ilijengwa juu ya nyumba ya mama, pengine ng'ambo ya kichochoro, na wikio likapita juu kuziunganisha, binti aende kwa mamake bila kushuka njiani. Mume ndiye aliyehamia. Wageni huyapiga picha mawikio yetu wakadhani ni mapambo ya mji. Yana hesabu ndani yake. Binti alipewa chake babake akiwa hai, akakijua, akakitunza, na hakuwa na cha kungojea. Kijana wa kiume hakuwa na nyumba ya kujificha ndani yake. Ilimbidi apate chombo, au duka, au elimu, na akaolee kwenye nyumba ya watu huku akijua anatazamwa. Sisemi hayo yalikuwa maisha ya kila mtu, yalikuwa ya wenye uwezo. Lakini linganisheni na leo, ambapo binti anaambiwa "fungu lako lipo, dada, tulia", kaka anakusanya kodi ya nyumba, na hakuna karatasi hata moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kina mama, kila nikifungua faili ya aina hiyo, aliyepotelewa ni mwanamke. Na jambo la kushangaza, wanawake niliowaona wakipokea fungu lao lote na mapema, sijaona aliyelilalia. Mmoja alifungua tanuri la mikate kwa fungu la minazi, leo ameajiri.

Hofu ya wazazi naijua: nikimpa kijana fedha nikiwa hai, atazila. Wapo watakaozila, nisiwadanganye. Lakini tusipime kwa yule mmoja wa mtaa wetu. Kule Siaya, upande mwingine wa nchi hii, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 maskini kiasi cha dola 1,000 kila moja, bila masharti, na wachumi wakafuatilia. Watu hawakuacha kazi. Biashara za karibu ziliuza zaidi, na kwa kila dola iliyoingia, uchumi wa pale ulikua kwa takriban dola mbili na nusu. Kwa mtu asiye na mtaji, fedha inaleta kazi ya kufanya. Mkono ulikuwepo siku zote, hakikuwepo cha kushika.

Kwa hiyo mimi ninapoketi na mzee ananiuliza awafanyeje watoto wake, huwa namwelekeza kwenye hiba, yaani zawadi anayoitoa mtu akiwa hai. Ile theluthi ni ya wasia, yaani ya baada ya kufa. Mtu mzima wa afya anaweza kutoa mali yake apendavyo akiwa hai, mradi aitoe kweli. Kutoa kweli ni kukabidhi. Ukimwambia mwanao "mashua hii ni yako" na ufunguo wa mashine uko mfukoni mwako, na samaki wakiuzwa fedha inakuja kwako, hujatoa kitu, na ukifa mashua ile itarudi kwenye mirathi pamoja na ugomvi wake. Na mtoe kwa usawa. Babake Nu'man bin Bashir alimpa mwanawe mmoja zawadi, akaulizwa na Mtume (s.a.w.) kama wanawe wengine amewapa mfano wake. Akasema hapana. Akaambiwa amche Mungu na awe mwadilifu baina ya watoto wake. Sijui wakili atakayewapa ushauri bora kuliko huo, na huo hauna ada.

Nawapeni mfano mmoja, wa fundi wa vyombo kule Matondoni, na nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Alikuwa na wana wanne. Kila mmoja alipofika umri wa kushika tezo sawasawa, alimpa seti yake: tezo, keekee, misumeno, patasi, vyuma vya kutilia kalafati, yaani kuziba nyufa za chombo. Alimwandikia kwenye daftari kwamba vimetoka na ni vyake. Mmoja hakupenda ufundi, akampa thamani yake fedha taslimu akanunua punda wawili wa kubebea mchanga. Mabinti walipewa dhahabu na mmoja kiwanja. Alipofariki kulibaki nyumba na magogo kadhaa ya mbao. Nilipoitwa nilidhani nitakaa siku nzima. Tulimaliza kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kila mmoja aliyekuwa pale alikuwa ameacha kazi yake na anataka kurudi. Hawakuwa na muda wa kugombana! Yule mwenye punda alikuwa akichungulia dirishani kila mara, kawafunga nje.

Na ambao mzee ameshafariki na nyumba bado iko mafungu mia? Nendeni kwa kadhi. Katiba ya 2010, ibara ya 170, imeiweka wazi mamlaka ya mahakama za kadhi katika mirathi ya Waislamu. Kadhi hatafuti wateja mitaani. Familia ndizo zinazokaa miaka 15 bila kwenda, kisha zikalalamika kwamba mahakama inachelewa. Deni la marehemu kwanza, wasia baadaye, halafu mafungu. Kama nyumba haigawanyiki, mmoja awanunue wenzake, hata kwa kulipa kidogo kidogo miaka mitano, iandikwe na isainiwe. Kama hakuna wa kuinunua, iuzeni sasa, mngali wachache. Inauma, najua. Inauma kidogo kuliko kuiuza mkiwa watu 60.

Nimeulizwa maswali mengi, nitajibu matatu, maana magharibi inakaribia.

Mama mmoja ameuliza kama kumpa binti nyumba ni kukwepa sheria ya mafungu. Ukimpa ukiwa mzima, ukakabidhi, na kaka zake nao ukawapa kinachokaribiana, hujakwepa kitu. Ukimwandikia ukiwa kitandani, kwa maradhi ya kufa, ili kaka wakose, hapo umekwepa, na kadhi atalirudisha.

Mzee wangu pale ameuliza kuhusu wakfu wa familia, nyumba isiuzwe milele. Ni jambo jema kwa msikiti na madrasa. Kwa familia, tahadhari: ukiwawekea wajukuu nyumba isiyoweza kuuzwa wala kugawanywa, na hukuweka fungu la matengenezo, umewarithisha kungoja kusiko na mwisho. Wekeni ndani ya hati kwamba sehemu ya kodi ni ya chokaa na boriti kabla mtu yeyote hajala.

La mwisho ni la kijana aliyesimama nyuma, na amenibana. Anasema: wewe umewahutubia wazee, lakini babangu hataki kugawa wala kusikia, mimi nifanye nini? Mwanangu, babako akiwa hai huna fungu. Si dogo wala kubwa, huna. Mali ni yake, na akitaka kuimaliza kwa halali ni haki yake. Kwa hiyo iondoe nyumba ile kwenye hesabu zako kuanzia leo, kama kwamba imekwisha anguka. Kisha usimwombe akupe. Mwombe akukopeshe, kiasi kidogo, kwa kitu kimoja unachoweza kumwonyesha, na uandike wewe mwenyewe, mbele ya mashahidi, lini utalipa. Akikataa, upo ushirika wa akiba, upo mjomba, wapo mafundi wanaotafuta wasaidizi. Fundi wa Matondoni niliyewasimulia ameshafariki, lakini wanawe wanajenga chombo sasa hivi, mkuku umeshalazwa, na juzi mkubwa wao aliniambia anatafuta vijana wawili wa kupiga kalafati. Malipo ni ya kila siku, na chakula. Ukitaka nikupe namba yake, nifuate tukitoka.